Je, kuunganisha uvumbuzi uliotangulia kunakifanya kipashajoto changu cha umeme kisistahili hataza?

Mwenye mada (FundiTangi):

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wenye uzoefu wa hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi, hasa waliowahi kushughulikia vifaa vya umeme. Nimewasilisha ombi katika Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, na ombi linalolingana nalo liko katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Mkaguzi wa Marekani ameyakataa madai yangu yote, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya ulinzi ninaouomba, kwa hoja moja, kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hii angeviunganisha vitu vitatu vilivyokwisha kujulikana na kufika pale pale nilipofika mimi.

Kifaa chenyewe ni shiti jembamba la kupasha joto linalozungushiwa tangi la kimiminika kizito, aina ya kimiminika ambacho kikipoa hukataa kutiririka. Shiti limegawanywa katika mikanda ya mlalo iliyopangwa toka chini hadi juu, na kila mkanda umechapwa kwa wino wa polima yenye chembe za kaboni, ambao ukinzani wake hupanda kadiri unavyopata joto. Mkanda ulio mkabala na kimiminika hunyang'anywa joto lake, hubaki baridi kiasi na hivyo huvuta mkondo mkubwa. Mkanda uliovuka usawa wa kimiminika una hewa tu nyuma ya ukuta wa tangi, hupata joto upesi na mkondo wake hupungua. Kidhibiti hupima mkondo wa kila mkanda, hutambua kimiminika kimefika wapi, kisha hukata umeme kwenye mikanda isiyo na cha kupasha. Hakuna boya ndani ya tangi, wala sensa ya aina yoyote.

Mkaguzi ametaja nyaraka tatu. Ya kwanza inaeleza shiti la tangi lenye wino kama wangu, linalojidhibiti joto, lakini halipimi chochote. Ya pili ni kidhibiti cha nyaya za kupasha joto kinachopima mkondo wa kila njia ili kugundua waya uliokatika. Ya tatu ni fimbo inayotumbukizwa ndani ya tangi ikiwa na themista ndogo ndogo (vikinzani ambavyo ukinzani wake hubadilika kwa joto) zinazojipasha zenyewe. Iliyozama hupoa na iliyo hewani hupata joto, na kwa njia hiyo usawa wa kimiminika hujulikana.

Sikatai kwamba kila kipande kilikuwapo. Ninachokataa ni kwamba katika nyaraka hizo tatu hakuna hata moja inayokitumia kipashajoto chenyewe kuwa kipimo. Je, ni halali kuzishona nyaraka tatu baada ya kuusoma uvumbuzi wangu na kusema kwamba jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo?

Jibu la MshauriHataza:

Ndugu FundiTangi, nianze na idadi, kwa kuwa waombaji wengi huishikilia bila faida. Kifungu cha 103 cha sheria ya hataza ya Marekani hakiulizi nyaraka ni ngapi. Kinauliza kama tofauti kati ya uvumbuzi unaodaiwa na yale yaliyotangulia, yaani yaliyokwisha kujulikana, ni ya namna ambayo uvumbuzi huo, ukitazamwa kwa ujumla wake, ungekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani. Hoja ya kwamba mkaguzi amelazimika kukusanya nyaraka tatu haitakuokoa. Zimewahi kuunganishwa nyingi zaidi ya hizo na kukataliwa kukabaki palepale.

Mwongozo wa msingi ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere ya mwaka 1966. Mahakama ilielekeza kwamba kwanza ichunguzwe mipaka ya yaliyotangulia na yaliyomo ndani yake, kisha tofauti zilizopo kati yake na madai, kisha kiwango cha ujuzi wa kawaida katika fani, na kwamba ushahidi wa nje, kama vile mafanikio sokoni, hitaji lililodumu bila kutimizwa, au wengine kujaribu na kushindwa, uweze kuzingatiwa. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari yenye sensa ya kielektroniki, mahakama hiyo hiyo ilikataa kanuni ngumu iliyokuwa ikidai kwamba lazima pawepo fundisho, dokezo au msukumo wa wazi wa kuunganisha nyaraka. Ilisema kuwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia, si mashine inayofuata maandishi, na kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana kuna uwezekano mkubwa wa kuwa dhahiri pale ambapo matokeo yake ni yale yanayotabirika tu. Hata hivyo, ilimtaka anayekataa aonyeshe sababu ambayo ingemsukuma mtu huyo kuviunganisha vitu hivyo kwa namna ileile inayodaiwa, na ilikiri kwamba hatari ya kutazama nyuma kwa macho ya anayejua jibu ni ya kweli.

Zipo kesi mbili za zamani ambazo, kwa maoni yangu, zinakufaa kuliko pedali, na ziweke pande mbili za meza. Ya kwanza ni ya Anderson's-Black Rock ya mwaka 1969. Mvumbuzi aliweka kichomeo cha mionzi ya joto kwenye mashine ya kutandaza lami, ili ukingo wa lami iliyokwisha kupoa upashwe upya na kushikamana na lami mpya. Mahakama ilisema kichomeo kiliendelea kufanya kazi yake ya kichomeo na mashine kazi yake ya mashine. Kuviweka mahali pamoja kulileta urahisi, na pengine kulikidhi haja kubwa, lakini hakukuzaa tendo jipya. Hataza ikaanguka. Ya pili ni ya Marekani dhidi ya Adams, iliyoamuliwa siku moja na Graham. Adams alitengeneza betri ya magnesi na kloridi ya shaba inayoamshwa kwa kutiwa maji. Vipande vyake vilijulikana, lakini mtu aliyezisoma nyaraka za wakati huo angeonywa asijaribu, na wataalamu wa serikali walioonyeshwa betri hiyo mwanzoni hawakuamini kwamba ingefanya kazi. Hataza ikasimama.

Kwa hiyo swali lako ni hili: mkanda wako unafanana na kichomeo cha Anderson's au na betri ya Adams? Nakiri waraka wa tatu unanitia wasiwasi, kwa sababu kanuni ya fizikia unayoitegemea imo ndani yake yote. Ungesimama imara zaidi kama mkaguzi angekuwa na nyaraka mbili za kwanza peke yake.

Jibu la Ohmu_na_Ampea:

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kubuni vipashajoto, kwa hiyo nitazungumzia kile kinachotokea ndani ya mkanda. Ninaona mkaguzi na mwenye mada wote wawili wamelipita jambo lenye uzito zaidi.

Themista ya waraka wa tatu ni kitu kidogo kinachotumia nguvu kidogo sana. Imetumbukizwa ndani ya kimiminika, na joto lake haliwezi kubadili halijoto ya tangi hata kidogo. Kwa sababu hiyo mbunifu anaweza kuweka kizingiti kimoja cha mkondo, akasema juu ya kizingiti hiki imezama na chini yake iko hewani. Mkanda wa kupasha joto hauko hivyo. Kazi yake ni kubadilisha halijoto ya kile kile unachokipima. Kimiminika kikishapata joto la kutosha, hata mikanda iliyo mkabala nacho hupanda ukinzani na mkondo wake hushuka, mpaka ukifuata kizingiti kimoja tangi lililojaa na kupata joto litasomeka kama tangi tupu. Ongeza hapo mambo matatu: volti ya umeme hupanda na kushuka, ukuta wa chuma hubeba joto kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, na polima ya namna hii inapowashwa ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa sana kwa muda kabla ya kutulia. Mtu akiuchukua waraka wa tatu na kuubandika juu ya waraka wa kwanza bila kufikiri zaidi, atapata kifaa kinachodanganya sehemu kubwa ya siku.

Ndiyo maana namwuliza FundiTangi: kidhibiti chako kinaamuaje? Kama kinaulinganisha mkondo wa kila mkanda na kizingiti kisichobadilika, basi mkaguzi ana haki, na zaidi ya hayo kifaa chako hakifanyi kazi vizuri. Kama kinailinganisha mikanda yenyewe kwa yenyewe, kwa mfano kwa kuufanya mkanda wa chini kabisa, ambao karibu siku zote uko mkabala na kimiminika, kuwa rejeo la mingine yote, basi mabadiliko ya volti na ya halijoto ya kimiminika huigusa mikanda yote kwa pamoja na kwa kiasi kikubwa hujifuta. Hapo ndipo ninapouona uvumbuzi. Kupima kwa kitu kinachojipasha kunajulikana. Kupima kwa kitu ambacho kazi yake ni kuivuruga hali inayopimwa, na bado ukapata jibu la kuaminika, si jambo ambalo ningelitarajia kutoka kwa fundi wa kawaida.

Niongeze kidogo, nje ya mstari. Katika historia ya fani yetu, nikeli na kromi zote mbili zilijulikana muda mrefu kabla Albert Marsh hajapewa hataza ya Marekani mwaka 1906 kwa ajili ya aloi iliyozaa waya wa nikromu. Kuzitaja metali mbili hakukumfikisha mtu popote. Kilicholeta thamani ni kwamba waya wa aloi hiyo uliwaka mwekundu hewani kwa muda mrefu bila kuteketea, kwa kuwa kromi huunda utando wa oksidi unaoukinga, na ukinzani wake ulikuwa mkubwa.

Jibu la MkaguziWaZamani:

Nimeketi upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, si Marekani, lakini hoja hizi zinafanana. Naomba nizungumze kwa niaba ya mkaguzi, maana hapa hana wakili.

Maelezo ya Ohmu_na_Ampea ni mazuri, lakini mkaguzi hakatai maelezo, anakataa madai. FundiTangi ametueleza kwamba kidhibiti hupima mkondo, hutambua usawa na kukata umeme. Kama dai la kwanza limeandikwa hivyo hivyo bila kutaja ulinganishaji wowote, basi linafunika pia kifaa kile cha kizingiti kimoja kinachodanganya. Haiwezekani kuomba ulinzi wa kitu kipana kisha kukitetea kwa sifa za kitu chembamba kilichofichwa katika ukurasa wa ndani wa maelezo. Katika kazi yangu nimeona maombi mengi mazuri yakifia hapo, na mara nyingi mwombaji huondoka akiamini kwamba mkaguzi hakuuelewa uvumbuzi.

Kuhusu Ulaya, njia ni tofauti kidogo. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inataka hatua ya uvumbuzi, yaani uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mtaalamu, na Ofisi huipima kwa kuanzia na waraka ulio karibu zaidi, kuangalia tofauti iliyopo na athari ya kiufundi inayoletwa na tofauti hiyo, kisha kuunda kutokana nayo tatizo la kiufundi lisiloegemea upande wowote. Baada ya hapo huulizwa kama mtaalamu, akiwa na tatizo hilo mbele yake, angelitatua kwa njia inayodaiwa. Tangu uamuzi T 2/83 wa Bodi ya Rufaa, haitoshi kuonyesha kwamba mtaalamu angeweza kufanya hivyo; ni lazima ionekane kwamba angefanya, kwa kutarajia manufaa fulani. Neno hilo moja ndilo kinga yako kubwa dhidi ya kutazama nyuma.

Kinga hiyo, hata hivyo, hufanya kazi pale tu ambapo vipengele vya uvumbuzi vinategemeana. Kama ni vitu viwili vilivyowekwa jirani, kila kimoja hupimwa peke yake. Nchini Uingereza mfano wa kale ni kesi ya Williams dhidi ya Nye ya mwaka 1890, ambapo mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujaza soseji ziliunganishwa kuwa moja, na mahakama ikaona hakuna uvumbuzi kwa kuwa kila sehemu iliendelea na kazi yake ya zamani. Mwaka 2004, katika kesi ya Sabaf dhidi ya MFI iliyohusu vichomeo vya majiko ya gesi, Mabwana wa Sheria, waliokuwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakati huo, walisema kwamba kabla ya kuuliza kama uvumbuzi ni dhahiri ni lazima ujue uvumbuzi wenyewe ni upi, na kama ni mmoja au ni miwili. Walipoona kwamba sehemu mbili za kichomeo kile hazikutegemeana, walizipima mbalimbali, zote mbili zikaonekana dhahiri, na hataza ikabatilika.

Sasa tazama madai yako kwa jicho hilo. Kupima usawa wa kimiminika ni jambo moja. Kukata umeme kwenye mikanda iliyo juu ya usawa ni jambo la pili, nalo likisimama peke yake ni dhahiri kabisa, kwani ukishajua hakuna cha kupasha, kwa nini uendelee kupasha? Tena ukishaikatia mikanda hiyo umeme, unakijuaje kimiminika kinapopanda tena, ikiwa mkanda uliozimwa haupitishi mkondo wa kupimwa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama sehemu zako zinashikana.

Mwenye mada (FundiTangi):

Nawashukuru nyote, na swali la mwisho la MkaguziWaZamani limenigusa mahali penyewe. Dai la kwanza kweli halitaji ulinganishaji. Ulinganishaji umo katika dai la saba, ambalo mkaguzi amelikataa kwa sentensi moja akisema kuwa ulinganishaji ni uchaguzi wa kawaida wa mbunifu. Kidhibiti kinaufanya mkanda wa chini kuwa rejeo. Mikanda iliyozimwa huwashwa kwa kitambo kifupi kila baada ya muda, na kinachosomwa si mkondo wenyewe bali kasi ya kushuka kwake, kwa sababu mkanda ulio mkabala na hewa hupata joto haraka kuliko ulio mkabala na kimiminika. Kwa maneno mengine, ule mkondo mkubwa wa mwanzo ambao wabunifu wengi huuona kuwa kero, mimi nautumia kupimia. Waraka wa kwanza wenyewe unasema mkondo huo ni tatizo na unapendekeza saketi ya kuupunguza. Je, hiyo haitoshi kusema kwamba waraka huo unamfukuza mtaalamu kutoka kwenye njia yangu, kama ilivyokuwa kwa Adams?

Jibu la MshauriHataza:

Inasaidia sana, lakini itumie kwa uangalifu. Mahakama za Marekani hutofautisha kati ya waraka unaokatisha tamaa au kuonya dhidi ya njia fulani na waraka unaopendelea tu njia nyingine. Waraka wako wa kwanza unaupunguza mkondo wa mwanzo pengine kwa ajili ya kulinda fyuzi na swichi. Hausemi kwamba mkondo huo hauna habari yoyote ndani yake. Kwa hiyo ningeijenga hoja kwa namna nyingine. Mkaguzi anataka mtaalamu auchukue waraka wa kwanza, unaoupunguza mkondo wa mwanzo, kisha asome usawa wa kimiminika kutoka katika mkondo huo huo uliopunguzwa. Ili afike kwako itambidi kwanza aiondoe saketi ambayo waraka wenyewe unaipendekeza. Mwombe mkaguzi aeleze ni sababu gani ingemsukuma kufanya hivyo, na ieleweke kwamba kusema tu kuwa ni uchaguzi wa kawaida wa mbunifu, bila maelezo ya kimantiki yanayotegemea ushahidi, hakutoshi hata baada ya KSR.

Pamoja na hoja hiyo, wasilisha tamko la kiapo la mhandisi lenye vipimo: shiti moja, tangi moja, kwanza kwa kizingiti kisichobadilika na kisha kwa kasi ya kushuka kwa mkondo, kimiminika kikiwa baridi na kikiwa na joto. Kama kizingiti kinashindwa pale ambapo njia yako inafaulu, jedwali hilo litakuwa na uzito kuliko kurasa zangu zote za hoja. Mafanikio ya soko usiyataje isipokuwa unaweza kuonyesha kwamba wateja walinunua kwa sababu ya kipengele hicho hasa, wala si kwa sababu ya bei au huduma.

Dai jipya la kwanza liwe na mambo mawili ndani yake: mkanda wa rejeo, na usomaji wa kasi ya kushuka kwa mkondo baada ya kuwasha. Kukata umeme kubaki, lakini kufungamanishwe na kuwasha kwa kitambo, ili ionekane kwamba bila kuzima hakuna mkondo wa mwanzo wa kusoma, na bila kusoma hakuna namna ya kujua lini kuwasha tena. Hapo swali la Sabaf litakuwa limejibiwa ndani ya dai lenyewe.

Kabla hujaandika neno lolote, fungua maelezo kama yalivyowasilishwa siku ya kwanza. Mkanda wa rejeo umo katika dai la saba, kwa hiyo uko salama. Kasi ya kushuka kwa mkondo je, imeandikwa mahali popote, au uliieleza hapa kwa mara ya kwanza? Ibara ya 123(2) ya Mkataba wa Ulaya inakataza marekebisho yanayozidi yale yaliyokuwamo katika ombi lilivyowasilishwa, na Marekani nayo hairuhusu kuongeza jambo jipya. Kama haimo, itakubidi uiweke katika ombi jipya lenye tarehe yake. Na kwa kuwa umekwisha kuieleza hadharani hapa, Ulaya, ambako kwa kawaida hakuna muda wa neema (muda wa kuwasilisha ombi baada ya kutangaza) kwa mvumbuzi aliyeutangaza uvumbuzi wake mwenyewe, chapisho lako la leo litahesabiwa miongoni mwa yaliyotangulia.

Mwenye mada (FundiTangi):

Imo, aya ya 31, pamoja na mchoro wa mikondo miwili ikishuka kwa kasi tofauti. Nimeihakiki sasa hivi.

Jibu la MkaguziWaZamani:

Basi nukuu aya hiyo na mchoro huo katika barua yako kwa ofisi zote mbili, na uonyeshe neno kwa neno ni wapi kila sehemu ya dai jipya imetoka.